Linaliwa?

Mmea mgeni ukifika Kamachumu, swali la kwanza ni hilo: unaliwa? Ukijibu hapana, unaulizwa la pili: unanyweka? Ukijibu tena hapana, linakuja la tatu kwa sauti ya chini, kama ya daktari anayetafuta namna ya kukuambia: basi angalau unauzika? Mimi nilijibu hapana mara tatu mfululizo, kwa mke wangu, kwa shangazi yangu mwenye miaka themanini na kitu, na kwa jirani ambaye wala sikumwita. Tangu siku hiyo natazamwa kama mtu aliyestaafu ualimu na akili kwa barua moja.

Kosa ni la mpwa wangu aliyeko Leeds. Alinitumia picha amesimama kwenye bustani ya mama mwenye nyumba, na pembeni yake maua yamesimama wima kama mishumaa ya Pasaka, yamempita kichwa. Na huyo mpwa si mfupi. Rangi ya maua hayo ni ile buluu ambayo sisi tunaiona ziwani asubuhi ya saa nne, siku ambayo upepo umelala. Nikamwandikia: mwanangu, kitu kama hicho natamani nikione mbele ya nyumba yangu kabla sijafa. Ulikuwa ni usemi tu. Mtu wa umri wangu anatamani mambo mengi kabla hajafa, na kwa kawaida watoto hawasikii hata moja. Hili wakalisikia. Mtu mmoja aliyekuja kwenye msiba Muhutwe akaniletea bahasha, ndani yake pakiti ya mbegu imeandikwa King Arthur.

Hiyo King Arthur ni ya ukoo wa maua marefu yaliyozalishwa California miaka ya 1930 na bwana mmoja aliyeitwa Frank Reinelt, ambaye aliyabatiza majina ya mfalme Arthur wa hadithi za Waingereza na mashujaa wake. Ua lenyewe wataalamu wanaliita delfiniamu, kutokana na jina la Kigiriki la pomboo, kwa sababu kitumba chake kabla hakijafunguka kina kichwa na mkia kama pomboo. Sisi wa Ziwa Viktoria pomboo tunamsikia redioni. Tuna sangara, sato na dagaa, na sijaona anayefanana na ua. Waingereza wana jina la mtaani ambalo maana yake ni kipi cha kipozamataza, kwa kuwa nyuma ya kila ua kuna kijimkia kilichochongoka kama kipi cha jogoo. Hilo nikalipenda, nikawa naliita kipi. Majirani wakaliita ua la Mwalimu. Shangazi analiita "kile kitu".

Shangazi ana sababu. Sisi watu wa Kagera tunaitwa nshomile, tunasingiziwa kwamba hatuwezi kujibu swali la ndiyo au hapana bila utangulizi. Basi shangazi aliponiuliza kama linaliwa, badala ya kusema hapana na kunyamaza, nilianza na utangulizi. Nikamweleza kwamba mmea mzima una sumu, na mbegu ndizo hatari zaidi. Nikamweleza kwamba magharibi mwa Marekani, kwenye milima ya Colorado na Utah, ndugu zake warefu wa porini wanaua ng'ombe malishoni, maana sumu yake inakata mawasiliano kati ya neva na misuli, ng'ombe anayumba, anaanguka, mwisho anashindwa hata kupumua. Nikaongeza kwamba kondoo wanaistahimili sumu hiyo kuliko ng'ombe, hata kuna wafugaji wanaotanguliza kondoo malishoni ili waipunguze. Nilikuwa nimefika hapo kwenye kondoo nilipoona shangazi ameweka kikombe cha chai chini, taratibu, na kukisogeza mbali naye kwa kidole kimoja.

Kikombe hicho nilikuwa nimemmiminia mimi.

Jumapili iliyofuata watu wawili ambao miaka yote hupita kwangu kunywa chai baada ya misa walisema wamefunga. Haikuwa Kwaresima.

Tatizo la pili lilikuwa mahali pa kupandia. Asiyetujua anaweza kudhani kibanja ni shamba. Kibanja ni baraza la ukoo. Mgomba ule aliupanda babu, mbuni huu wa kahawa aliupanda baba mwaka niliozaliwa, pale katikati wamelala wazee, hapa ni maharage ya mama watoto, kule magimbi, na penye nafasi ya kuweka unyayo pana boga limeshatanguliza mkono. Samadi yote, maganda yote, majivu yote, nyasi zote zilizokatwa kule rweya, vinaishia hapo. Ndiyo maana ardhi ya kibanja ni nyeusi, na ya rweya hatua hamsini mbele haioteshi kitu cha maana. Nilipotaja kwamba kipi kinataka udongo mnono wenye samadi ya kutosha, mke wangu alinitazama kama nimeomba kuoa mke wa pili.

"Mwalimu," akasema, "samadi ya ng'ombe mmoja. Migomba mingapi?"

Nikapewa ukanda wa mbele ya nyumba, karibu na barabara, palipojaa changarawe iliyobaki tulipokarabati ukuta baada ya tetemeko la Septemba 2016. Mita mbili kwa nne. Samadi nikaambiwa nitafute mwenyewe. Nilinunua magunia mawili ya samadi, mimi mtoto wa Mhaya, nikayabeba kwa bodaboda mchana kweupe. Kuna fedheha ambazo mtu hazisahau.

Halafu friji. Mbegu za kipi zinataka kwanza ziamini kwamba zimepita majira ya baridi, la sivyo zinalala tu. Zinawekwa kwenye karatasi yenye unyevu, ndani ya kopo, kopo linakaa kwenye friji wiki moja au mbili. Huku Buhaya tulikuwa na wakama wetu, wenye ngoma na ikulu, hadi serikali ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, na sijasikia hata mmoja aliyehitaji kulazwa kwenye friji ndipo aamke. Lakini huyu Arthur nikamlaza, kwenye kopo la jemu, kati ya maziwa mgando na chombo cha senene, panzi wetu wa kuliwa, waliobaki tangu mwezi wa tano. Nusu ya mbegu niliziacha kavu kwenye kikopo kingine kidogo pembeni yake, kama akiba. Sikuandika kitu juu yake. Naomba msomaji akumbuke kikopo hicho, maana mimi nilikisahau.

Umeme ulikatika mara nne katika wiki hizo mbili. Kwa hesabu yangu Arthur alipita majira manne ya baridi na manne ya joto, akazeeka kabla ya kuota. Hata hivyo nilipozimwaga kwenye vikopo na kuzifunika gizani kama inavyotakiwa, siku ya kumi na tisa zikaota. Thelathini na moja. Nilizihesabu asubuhi na jioni, kana kwamba kuna aliyeweza kuniibia.

Nilipozihamishia ukandani zikawa kumi na nane, na kabla mwezi haujaisha zikawa kumi na moja, kwa sababu ya konokono. Upande huu wa ziwa tunapata mvua nyingi kuliko karibu wote nchini. Bukoba mjini inanyesha kama milimita 2,000 kwa mwaka, na konokono wetu hawana msimu wa kupumzika. Wale wenye gamba nawaokota, naona aibu nikiwaua. Wale wasio na gamba ndio adui. Wanatoka usiku, wanatafuna mche kwenye shingo, na asubuhi unakuta kijiti na utepe wa ute unaong'aa, kama sahihi ya mtu aliyepokea mzigo.

Waingereza, mpwa akanieleza, wanawategea konokono bia kwenye kisahani. Konokono ananusa, anaingia, analewa, anazama. Bia ya dukani kwa konokono sikuweza, dhamiri ilikataa. Lakini rubisi, pombe yetu ya ndizi, ipo. Nikanunua lita moja, nikachimbia visahani sita usawa wa ardhi, nikamimina. Asubuhi ya kwanza nilikuta konokono kumi na wanne wamekufa wakielea, wamenyooka, nyuso zao zikiwa na amani ambayo sijaiona hata kwa maaskofu. Asubuhi ya pili visahani vilikuwa vikavu. Havina konokono, havina rubisi, na kimoja kimegeuzwa kifudifudi kwa adabu, kama anavyofanya mgeni aliyemaliza kula.

Asubuhi ya tatu niliamka alfajiri nikakaa nyuma ya dirisha. Sitamtaja. Nitasema tu kwamba ni jirani, na kwamba nilipotoka hakukimbia. Alisimama, akafuta midomo, akanipa salamu kamili ya Kihaya ya mtu na mkubwa wake, kisha akanilaumu.

"Waitu Mwalimu, unanywesha konokono na mimi nipo?"

Nilimwambia hicho kisahani juzi kilikuwa na konokono. Akafikiri kidogo. Akasema aliona, akawatoa.

Sasa nije kwenye taa, kwa sababu hapo ndipo nilipoharibu mwenyewe bila msaada wa mtu. Kipi hakitaki baridi peke yake. Kinataka siku ndefu. Kule Leeds mwezi wa sita jua linakaa juu karibu saa kumi na saba, ua linalishwa mwanga mpaka linajisahau na kurefuka. Sisi tuko kwenye nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta. Jua letu linachomoza ziwani kwenye saa moja kasoro asubuhi, na linazama kwenye saa moja kasoro jioni, Januari sawa na Julai, kama karani wa zamani. Kwa kipi, hii ni nchi ambayo kiangazi hakijawahi kufika. Wenzetu wa Kenya wanaolima maua ya kuuza Ulaya huyawashia taa usiku ili yaamini kwamba siku bado inaendelea. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba kipi kina ndugu zake wa porini hapa hapa Afrika Mashariki, wanaota bila taa, bila friji na bila mwalimu mstaafu. Yupo mmoja wa Mlima Kenya na Elgon mwenye rangi ya kijani na buluu. Yupo mwingine anayeota Kilimanjaro, aliyepewa jina la padre Mfaransa, Alexandre Le Roy, aliyepanda mlima huo mwaka 1890. Ila hao wamezoea kuishi juu kwenye ubaridi. Huyu wa kwangu ni mgeni, na mgeni anapewa taa.

Nikanunua balbu. Fundi akaniuliza ya nini, nikasema ya nje, akanipa kubwa, nyeupe, inayotoboa macho. Nikaining'iniza juu ya mti, nikaielekeza kwenye ukanda, nikaona kwamba nyuma yake mwanga unapotea bure, nikasimamisha mabati mawili yaliyobaki ya kuezekea ili yaurudishe mwanga kwa maua. Ilikuwa wiki ya pili ya Novemba. Mvua ilikuwa imenyesha mchana.

Msomaji wa Kagera ameshaanza kucheka, nami namwomba awasubiri wengine. Kwa asiyejua: taa kali, mabati yaliyosimamishwa kwa kuinama, usiku wa Novemba baada ya mvua. Huo si mtambo wa maua. Huo ni mtego wa senene. Hakuna mtoto wa Muleba asiyejua, isipokuwa inaonekana mimi, mwenye cheti cha Daraja A.

Walishuka saa tatu usiku. Kwanza nilisikia moja, mbili, kwenye bati, kama mvua inayojaribu. Nikatoka na mwavuli. Halafu anga lote likaanza kuvuma na kumiminika, wa kijani, wa kahawia, wanagonga bati, wanateleza, wanajaa chini, wanajaa kwenye kola ya shati. Nikaona vizuri jinsi walivyotua juu ya miche yangu kumi na mmoja, kila mche na senene wake watano, sita, umeinama kama bodaboda ya shule. Nikakimbia kuzima taa. Sikufika. Kutoka gizani ilitoka sauti ya mwanamke, kali kama kengele ya kanisa: "Senene kwa Mwalimu!"

Ndani ya dakika kumi nyumbani kwangu kulikuwa na watu ambao kwenye harusi ya binti yangu hawakufika. Ndoo, viroba, neti za mbu, masufuria. Wale wawili waliofunga walikuwepo, na mfungo umeisha. Shangazi alikuwepo, ameketi kwenye kigoda katikati ya ukanda, juu ya kile kitu hasa, anaokota kwa mikono miwili. Nilipiga kelele kwamba jamani maua, jamani angalieni chini, na mtu mmoja akanijibu kwa upole kabisa kwamba Mwalimu usijali, chini tumeshaangalia, tumeokota wote. Jirani wa rubisi alikuwa ameshika bati langu moja, analirekebisha pembe. Akanieleza kwamba nililisimamisha wima mno, senene wanarudi. Alikuwa na haki. Alipoliinamisha walijaa maradufu.

Walikaa mpaka saa nane. Waliniachia ndoo moja, kwa heshima ya taa. Asubuhi ukanda ulikuwa umekanyagwa ukawa sakafu. Niliketi barazani nanyofoa mabawa na miguu ya senene, namwangalia mfalme Arthur amelala kwenye matope, na lazima niseme ukweli kwamba senene walikuwa wazuri, wanono, na nilikula.

Nilidhani habari imeishia hapo. Nikakunja mabati. Balbu nikaificha, maana kila jioni alikuwa akija mtu kuuliza kama leo naiwasha.

Mwezi wa kwanza, siku moja, mke wangu akaanza kulalamika kuhusu mchicha. Mchicha gani, nikauliza. Mchicha ule wa Ulaya, akasema, mbegu ulizoficha kwenye friji, ndani ya kikopo, bila kusema, kana kwamba mimi ningezila. Alikuwa amezimwaga nyuma ya jiko tangu Septemba, chini ya mgomba mnono kuliko yote, pale maji ya vyombo yanapomwagwa na maganda yanaporundikwa. Na hauna faida, akaongeza. Mwingi ulikufa, uliobaki una majani yaliyopasukapasuka kama giligilani, juzi alifikiri auchume aujaribu hivyo hivyo.

Sikumbuki nilivyofika nyuma ya jiko. Nakumbuka nimepoteza ndara moja.

Mbegu za mchicha ni nyeusi na ndogo, ndiyo, lakini zinang'aa. Hizi zilikuwa nyeusi, ndogo, zimekunjamana, zina pembe. Nilimwuliza mwanamke aliyepanda mchicha miaka hamsini angewezaje kuchanganya. Akasema aliona zimekunjamana, akajua ndiyo Ulaya yenyewe. Nilimweleza habari ya ng'ombe wa Colorado kwa mara ya pili, safari hii bila kondoo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini sumu ya kuua ng'ombe nimeiweka karibu na maziwa. Hilo sikuwa na utangulizi wake.

Ulikuwa umebaki mmoja. Umesimama kwenye kivuli cha mgomba, miguu kwenye samadi yote niliyonyimwa, na juu yake inamulika ile taa ya njia ya chooni, ambayo mke wangu haizimi usiku kucha na ambayo nimeigombea kila mwezi tangu tuvute umeme, kwamba inamaliza yuniti bure. Katikati ya majani kulikuwa na kijiti chenye vitumba. Niliinama. Nikaona kichwa, nikaona mkia.

Wiki iliyofuata nilikuwa mlinzi. Kuku nikawafungia. Mjukuu akaja mbio na mti wenye panda mkononi, amefundishwa kwamba ua dume la mgomba linavunjwa kwa panda, si kwa panga, ili kuzuia mnyauko uliotuingilia Kagera mwaka 2006, na ameshavunja kibanja kizima, limebaki hili la chini. Nilimkamata mkono hewani. Akaniuliza: Babu, kwani hili si ua? Nikasema ni ua. Akasema basi.

Ijumaa likafunguka. Urefu wake, nimepima kwa rula ya ubaoni, unafika chini kidogo ya goti langu. Maua saba. Buluu ni ile ile. Mke wangu analionyesha kwa wageni, anasema alilipanda yeye, na siwezi kubisha.

Ila mgomba ule mnono ulikuwa na mkungu, na mkungu ulikuwa umekomaa, na ulikuwa unaning'inia sawasawa juu yake. Jana Jumapili mke wangu akasema leo ndiyo leo, kuna wageni kutoka Bukoba, wanapikiwa nini, maua? Nikamwomba asubiri siku tatu. Akaenda kuchukua panga. Basi saa moja asubuhi, nimeshavaa kwa ajili ya misa, nilisimama miguu miwili huku na huku ya mfalme Arthur, mikono juu, wakati yeye anakata shina polepole na mkungu unashuka. Uliniangukia begani. Ulikuwa mzito kama mbuzi. Utomvu ulinichuruzika kuanzia kwenye kola hadi mkanda, kwenye shati jeupe, na utomvu wa mgomba kila mtu anajua kwamba hautoki.

"Umekanyaga?" akaniuliza.

Nikaangalia chini. Sikukanyaga.

"Haya, lete hizo ndizi," akasema, "na usisogee mpaka niondoe majani."